Newala, Masasi au Mikindani: bustani ya sanamu ifuate mandhari ipi?

Mtu akipata kiwanja Mtwara au Lindi na kuamua kukifanya bustani ya sanamu, kwa kawaida huanza kununua sanamu. Anachukua tatu nne kwa wachongaji, anazipanga kando ya njia ya kokoto, anapanda maua ya kuzizunguka. Misimu miwili ya mvua ikipita, mbao zimepasuka, maua yamekufa kiangazi, na aliyetembelea hakumbuki aliona nini. Bustani ya namna hiyo ingeweza kuwa Dodoma au Tanga. Nashauri mtu aanze na mandhari: achague sehemu moja ya Kusini, kisha sehemu hiyo ndiyo iamue sanamu, mimea, njia, hata fundi wa kumwita.

Mandhari tatu zinatofautiana vya kutosha kumfanya mtu achague kwa makusudi: uwanda wa juu wa Makonde na kingo zake za Newala, milima ya mawe ya Masasi, na pwani ya Mikindani. Moyo wangu uko Newala, na sababu nitazitoa. Lakini kuna viwanja ambavyo ningemkataza mtu kabisa kuifuata Newala.

Kwanza, kuifuata mandhari ni nini

Watu wengi hudhani ni kujenga mlima mdogo, ziwa dogo na daraja. Mfano bora wa kukwepa mtego huo ni California Scenario, bustani ya mchongaji Isamu Noguchi iliyokamilika mwaka 1982 mjini Costa Mesa, Marekani. Ni eneo la eka moja na nusu hivi, limebanwa na majengo ya ofisi na maegesho ya magari. Ndani yake kuna California nzima: jangwa, msitu, mashamba, maji. Hata hivyo hakuna mlima wala mto uliotengenezwa kwa kipimo kidogo. Maji yanashuka kwenye umbo refu la jiwe lenye pembe tatu, yanapita katika mfereji uliopinda sakafuni, yanapotelea kwenye piramidi ya itale (graniti). Jangwa ni kilima cha duara chenye kakti. Familia iliyokuwa na ardhi ile ililima maharage, basi Noguchi akayakumbuka kwa mawe 15 yaliyokatwa na kupangwa yakashikana bila nafasi.

Alichofanya ni kuchukua tabia moja ya kila mahali na kuacha mengine yote. Hilo ndilo swali la kuuliza kuhusu mandhari zetu tatu: tabia yake kuu ni ipi, na kiwanja changu kinaweza kuibeba?

Umbo la ardhi

Ukipanda kwenda Newala kupitia Tandahimba, unapita mikorosho na vichaka kwa muda mrefu bila kuhisi umepanda kiasi gani. Ardhi inaonekana sawasawa. Halafu Newala penyewe, pale Shimo la Mungu, ardhi inakatika. Uko zaidi ya mita 600 juu ya usawa wa bahari, bonde limefunguka chini yako, na ng'ambo ya Ruvuma ni Msumbiji. Tabia ya Newala, basi, ni kufungiwa kwa muda mrefu na kufunguliwa ghafla. Kwenye bustani hilo linakuwa njia nyembamba kati ya vichaka, vyumba vidogo vya majani upande huu na ule, na mwishoni sehemu moja tu iliyo wazi. Genge halihitajiki. Mteremko wa mita moja na nusu, ukishikiliwa na ukuta wa mawe upande wa chini, unatosha kabisa iwapo mgeni hakuona anga pana tangu alipoingia getini.

Masasi ni kinyume chake, kila kitu kiko hadharani. Milima ya mwamba mtupu imesimama peke yake juu ya ardhi tambarare, mgongo wa mviringo, ubavu wenye michirizi myeusi ya maji ya mvua. Mwanajiolojia Mjerumani Wilhelm Bornhardt, aliyeizunguka Kusini mwishoni mwa karne ya 19, aliifananisha milima ya aina hii na visiwa alipoiandikia mwaka 1900, na hadi leo wanajiolojia duniani wanaiita milima ya umbo hilo kwa jina lake. Ukiwa barabarani inafichana: mmoja unachomoza, mwingine unamezwa. Wabunifu wa Kijapani waliutumia mchezo huohuo Ryoan-ji, Kyoto, ambako mawe 15 yamewekwa juu ya changarawe kwa namna ambayo ukikaa kwenye baraza, popote ulipo, angalau jiwe moja halionekani. Anayefuata Masasi anahitaji ujasiri wa kuacha ardhi tupu. Wengi hawawezi. Wanaona pengo, wanapanda maua, na Masasi imekufa hapo.

Mikindani tabia yake ni ukuta. Ghuba imejifunga karibu pande zote, na mji wake wa kale umejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Boma la Wajerumani la 1895 bado linaonekana toka mbali likiwa jeupe kati ya miti. Bahari inakupwa na kujaa, ukuta umetulia, mbuyu umesimama nyuma. Kwenye bustani unaweza kuchukua kuta mbili tatu nyeupe zenye urefu tofauti, na beseni pana la chokaa, kina cha kiganja tu, linalojaa mvua inaponyesha na kukauka lenyewe kiangazi.

Sanamu zenyewe: hapa ndipo uamuzi ulipo

Mpingo ni mti mdogo. Shina lake ni jembamba, mara nyingi limepinda, na huchukua miaka 70 hadi 100 kufikia kuvunwa. Kiini chake kizito huzama majini. Maana yake kwa bustani ni kwamba sanamu ya mpingo ni nyembamba, nyeusi na ya kutazamwa kwa karibu. Chukua ile mitindo ya ujamaa, watu wakibebana kwenye gogo moja toka chini hadi juu. Ukisogea, unaona kisigino cha mtoto kimekanyaga bega la bibi, na kwenye shavu la bibi mna chale ndogo zilizokatwa kwa ncha ya kisu. Nyuma, mchongaji ameacha utepe wa mbao ya nje, ile ya chini ya ganda, rangi ya krimu, ili uone gogo lilikuwa na unene gani. Kitu hiki ukikisimamisha kwenye uwanja wa wazi karibu na jiwe lenye ukubwa wa nyumba, kinageuka kijiti. Kiweke kwenye chumba cha majani chenye upana wa hatua nne, na hakuna mtu atakayepita bila kusimama.

Ndiyo maana naona Newala ni mandhari ya wachongaji zaidi ya zote. Kipimo cha kichaka na kipimo cha mpingo vinakubaliana.

Kuna sababu nyingine, nzito zaidi kwangu. Simulizi ya asili ya Wamakonde, iliyokwisha kuandikwa tangu mwanzoni mwa karne ya 20, inaanzia Mahuta, juu ya uwanda huohuo. Mtu mmoja alitoka kwenye kichaka, asiyenawa wala kunyoa nywele. Akachonga umbo la mtu kwa mti, akalisimamisha nyumbani kwake, na usiku likawa mwanamke hai. Wakashuka Ruvuma kuoga, na huko mtoto wao wa kwanza akazaliwa amekufa. Wakavuka hadi bonde la Mbwemkuru, wa pili naye hivyohivyo. Waliporudi juu kwenye vichaka vya Mahuta ndipo wa tatu akazaliwa akaishi. Watu wazima wa kule wanaijua simulizi hii, na tazama inavyokwenda: kichaka, mteremko wa mto, bonde, kisha kupanda tena. Mpango wa njia ya bustani umeshatolewa, na sanamu ndiyo mwanzo wake. Sijui mandhari nyingine inayompa mbunifu zawadi kama hiyo.

Masasi inadai kitu kingine. Mwamba wa pale ni mgumu, una milia, wa jamii ya itale, na patasi ya mchonga mpingo haina kazi juu yake. Watu huniambia, "Mbona Zimbabwe wanachonga mawe?" Ni kweli, na kijiji cha wachongaji cha Tengenenge kimefanya hivyo tangu 1966, lakini jiwe lao la sabuni na mengine yanayofanana nalo ni laini kuliko letu. Kwa hiyo ukifuata Masasi, mawe yaache yalivyo, na sanamu zifanywe kwa zege au chuma cha kuchomelea, kubwa, zisizo na mapambo madogomadogo, zinazosomeka ukiwa mita 30. Tatu kwa eka moja zinatosha. Saruji haina shida, kwani Mtwara ina kiwanda chake tangu 2015. Mafundi wa kuchomelea mageti wapo kila mji, na baadhi yao wana jicho zuri kuliko wanavyoambiwa. Mpe mmoja kazi ya majaribio.

Mikindani inakuja katikati, na ina wazo moja ambalo lazima niliseme kwa sababu ni zuri mno: zidaka. Nyumba za mawe za Waswahili zilikuwa na vishubaka ukutani vya kuwekea vyombo na vitabu, na magofu ya Songo Mnara, Kilwa, bado yanavyo. Jenga ukuta mnene wa matumbawe na chokaa, uweke zidaka kwa kimo cha macho, uufunike kwa paa dogo, na kila kidaka kibebe sanamu moja ya mpingo. Weusi juu ya weupe. Ile mitindo ya mawingu, yenye matundu na mikunjo, inapata kivuli chake yenyewe nyuma yake, na kivuli kinazunguka na jua tangu asubuhi.

Tahadhari moja inahusu zote tatu. Kinyago cha mapiko kina kazi yake katika jando na unyago. Kilichotumika huko hakiwekwi njiani kila mtu akikiona. Ukitaka vinyago, agiza vilivyochongwa kwa ajili ya maonyesho, na uzungumze na wazee wa mahali kwanza.

Maji na mimea

Kusini tuna msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei. Baada ya hapo ni kiangazi kirefu. Bustani yoyote inayotaka majani mabichi mwezi Septemba itakula maji ya bomba.

Uwanda wa Makonde juu hauna mito. Mvua inanyesha ya kutosha lakini inazama kwenye udongo wa kichanga, na kwa vizazi kina mama walishuka kingoni kuchota maji mabondeni. Leo maji yanasukumwa kwa mashine kupanda juu. Kuweka chemchemi ya mapambo kwenye bustani inayofuata Newala naona ni utovu wa heshima kwa historia hiyo. Vichaka vya asili havidai maji ukishavitunza msimu wa kwanza. Usivifyeke na kupanda upya: kata njia na vyumba ndani ya kile kilichopo, mwembe mmoja na mikorosho miwili ukiiacha iwe paa.

Masasi ina faida ambayo watu hawaioni. Mwamba haunywi maji. Mita 100 za mraba za mwamba mtupu, mvua ya milimita 10 ikipiga, zinateremsha karibu lita 1,000. Chonga mfereji mdogo wa saruji chini ya ubavu wa jiwe, upeleke kwenye kisima cha kuhifadhia, na una maji ya mishubiri, mkwaju mmoja na miche ya mpingo hadi katikati ya kiangazi. Panda huo mpingo hata kama hutauona ukikomaa.

Mikindani maji ya visima vya karibu na bahari yana chumvi. Panda inayoizoea: mikadi, mkungu, mlakasa wa kutambaa mchangani. Mbuyu ukiwepo kiwanjani, bustani nzima ianzie kwake. Mikoko usiiguse.

Jua, chumvi, salfa na upepo

Mpingo hauogopi mchwa, ila jua la moja kwa moja huupasua, na ile mbao nyeupe ya nje wadudu huila. Kwa hiyo Newala, hata ndani ya kichaka, kila sanamu ipate kibanda cha nyasi au makuti na ikae juu ya jiwe, isigusane na udongo. Paka nta ya nyuki kabla ya mvua na baada ya mvua.

Tishio la Newala ambalo mbunifu wa kutoka mbali hatalijua ni salfa. Kuanzia Juni wakulima wanapuliza mikorosho salfa dhidi ya ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu, na vumbi lile la njano linakwenda na upepo. Shaba na shaba nyeusi zikiguswa nalo zinageuka rangi, madoa madoa. Sanamu ya shaba usiiweke karibu na mashamba. Mbao na mawe hayana neno, futa tu kwa kitambaa kikavu.

Pwani ni vita na chumvi, na hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Nondo ndani ya sanamu ya zege ikifunikwa kwa sentimita mbili tu, kutu itapasua zege kabla hujasahau bei uliyolipa. Agiza funiko la sentimita tano, na mchanga usiwe wa ufukweni. Ukuta wa matumbawe usipigwe lipu ya saruji, kwani inafungia unyevu ndani na ukuta unaanza kumenyuka. Tumia chokaa, upake upya kila baada ya muda. Na matumbawe yenyewe yawe yale ya nchi kavu, yanayochimbwa. Kuvunja matumbawe hai baharini kunaua samaki na ni kosa kisheria, na tangu 2000 eneo la Ghuba ya Mnazi na mlango wa Ruvuma ni hifadhi ya bahari.

Upepo nao umebadilisha hesabu. Kimbunga Kenneth mwaka 2019 kilipiga kaskazini mwa Msumbiji, watu wa Mtwara wakahamishwa kwa tahadhari. Hidaya, Mei 2024, ilileta mafuriko Lindi na kukata barabara ya Dar es Salaam upande wa Somanga. Sanamu ndefu ya pwani iwe na msingi wa zege uliozikwa, na paa la makuti la zidaka lifungwe kwa nguzo zilizoingia ardhini. Masasi chuma kizito hakina wasiwasi mkubwa, ilimradi bati jembamba lisitumike kama tanga.

Na Tendaguru je?

Wa Lindi watauliza, na wana haki. Kati ya 1909 na 1913 mifupa ya dinosaria ilichimbwa kilima cha Tendaguru, ikabebwa vichwani hadi bandari ya Lindi na kwenda Berlin, ambako mmoja wao amesimamishwa akiwa na kimo cha mita 13.27. Kishawishi cha kumjenga yule mnyama bustanini ni kikubwa. Naona si busara: mita 13 zinameza kila sanamu nyingine, na utakuwa umejenga nakala ya kitu kilicho kwa watu. Kama moyo unakusukuma Tendaguru, mchonge Boheti bin Amrani, msimamizi Mwafrika wa uchimbaji ule, na safu ya wapagazi nyuma yake. Hao ni wa kwetu na hawana sanamu za kutosha.

Kiwanja chako kinasemaje

Una vichaka, mikorosho, ardhi isiyo na mtazamo wowote, na wachongaji wa mpingo karibu: fuata Newala. Shule na vikundi vya wachongaji pia nawashauri hii, maana gharama kubwa ni kazi ya mikono, na vyumba vinaweza kuongezwa kimoja kimoja kila mwaka.

Kiwanja cha mjini kilichokwisha kufyekwa, kitupu, kisicho na mti, ndicho ambacho ningekataza Newala. Utasubiri kichaka miaka na mpingo utapasuka ukingoja kivuli. Hapo Mikindani inafaa zaidi, maana ukuta unatoa kivuli siku unapokamilika. Hoteli na nyumba za wageni za pwani wala wasihangaike kufikiri zaidi.

Masasi wachague walio na mwamba tayari. Kusomba mawe makubwa kwa lori hadi mahali yasipokuwepo ni ghali, na yanakaa kama yaliyodondoshwa. Lakini mwenye jiwe moja la kweli nyuma ya nyumba, Nachingwea au Masasi, ana bustani nusu tayari.

Ukishaamua, piga hatua kwa kufuata msimu. Njia, kuta na misingi zifanywe kiangazi. Miche iingie mvua za kwanza. Kisha acha msimu mzima upite bila sanamu hata moja, uone maji yanasimama wapi na jua la saa nane linapiga wapi. Mchongaji umpe malipo ya awali mapema wakati huo, kwa sababu gogo linahitaji kukauka taratibu kivulini, ncha zake zikiwa zimepakwa nta, na sanamu iliyochongwa kwenye gogo bichi kwa haraka ndiyo inayopasuka kwanza. Muulize pia gogo limetoka wapi na uone kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu. Vijiji vya Kilwa vinavyosimamia misitu yao vina mpingo uliovunwa kihalali na fedha yake inabaki kijijini, kwa hiyo kama unaweza kuchagua, anzia huko.